Mtoto Aliyetupa Pipi

Siku ya treni, stesheni ya Nachingwea ilijaa watazamaji kuliko abiria. Mradi wa karanga ulikuwa umekufa miaka kadhaa nyuma, Wazungu wengi wamekwenda zao, lakini watu hawakuacha tabia ya kuja kutazama treni. Wauza kuku walikuwepo, wauza mikeka walikuwepo, na wasio na kazi wamekaa juu ya magogo wakimchambua kila anayeshuka.

Awadhi alikuja kupokea masanduku ya chupa za kliniki. Alikuwa dresa, mfunga vidonda wa kliniki, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu mpaka magotini na viatu vinavyombana. Treni ilichelewa. Miguu inauma, njaa inauma, na mbele yake kuna mwanamke anauza muhogo wa kukaanga.

"Muhogo huu wa leo au wa jana?" aliuliza.

"Wa leo. Wa jana alikula mwenzako aliyevaa soksi kama zako. Hatujamwona tena."

Watu wa magogo wakacheka. Mwanamke hakucheka. Alikuwa amejifunga kanga iliyopauka mpaka maua yake hayajulikani ni maua gani, na mapajani amempakata mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu, mwembamba, macho makubwa. Sura ya mama ilikuwa nzuri lakini imechoka, kama nyumba nzuri ambayo mwenyewe ameacha kuifagia.

Awadhi alitoa pipi mfukoni akampa mtoto. Mtoto akainusa, akagusa kidogo kwa ncha ya ulimi, kisha akaitupa hukoo relini.

"Ndiyo kwanza namwona mtoto anatupa pipi," alisema Awadhi.

"Usijisumbue, kaka. Huyu hali kitu kitamu. Asali hali, papai hali, muwa haugusi. Ukimlazimisha anatapika mpaka macho yanageuka."

"Sasa nitamhonga kwa nini?"

"Na umhonge yeye kwa nini?"

"Kwa sababu kwa mama yake sijui pa kuanzia."

Mwanamke alimtazama kwa mara ya kwanza. "Anzia hapo kwenye muhogo. Unapoa."

Aliitwa Zuena, na mtoto Mbaruku. Kwao Likunja, upande wa Ruangwa, lakini alikuwa amepanga chumba pale Nachingwea. Tangu siku ile Awadhi hakukosa siku ya treni, hata kama hakuna sanduku la kupokea. Alikula muhogo mpaka wenzake wakamwita Bwana Muhogo. Zuena alimtania soksi, yeye akatania pilipili yake, na taratibu yule mwanamke akaanza kucheka kwa sauti. Mbaruku akazoea kubebwa mabegani.

Jioni moja wakitoka sokoni, Zuena alisimama njiani.

"Awadhi, wewe unanitaka kweli au unapoteza muda?"

"Nakutaka, mpenzi. Muda wenyewe sina."

"Basi ujue unachokitaka. Kabla ya huyu nilikuwa na wawili. Wote walikwenda, mmoja baada ya mwenzake, mara tu walipoanza kulishwa uji. Mume wangu alikuwa mtoto wa mjomba wangu. Kwetu ndivyo wanavyotuoza, udugu usitoke nje. Alipokufa wa pili akasema tumbo langu ni kaburi. Akaniacha na mimba ya huyu." Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Usimwambie mtu. Wakisikia watasema ninakula watoto wangu."

"Sitamwambia mtu."

Alisema upesi, kama mtu anayeahidi huku anatafuna.

Kliniki yenyewe ilikuwa katika mabanda ya mabati yaliyoachwa na mradi. Daktari wake, Mzungu mpole asiyeongea sana, alikuwa akichunguza maradhi ambayo watoto huyarithi kwa wazazi, yale ambayo chakula cha kawaida kikiingia mwilini kinageuka sumu. Asubuhi moja aliwauliza wafanyakazi kama kuna aliyepata kuona mtoto anayekataa vitu vitamu. Alisema huko Ulaya wameonekana wachache, na hata hao wamegunduliwa juzijuzi tu.

Mdomo wa Awadhi ulifunguka kabla ya akili yake. Alisema yote: mtoto, mama, wale wawili waliokufa, hata mume aliyekuwa binamu. Alitaka kumsaidia Mbaruku, hilo ni kweli. Lakini pia alitaka daktari amtazame kama mtu aliyeleta jambo. Yote mawili ni kweli, wala moja halilifuti lingine.

Zuena alipoambiwa na Awadhi ampeleke mtoto kupimwa, aliuliza swali moja tu. "Watamfanya nini?"

"Watamnywesha maji, halafu watatoa damu kidogo kidoleni. Nitakuwepo mimi."

Hakusema ni maji ya nini. Daktari alikuwa ameeleza kwamba hakuna njia nyingine ya kujua, lazima mtoto apewe kidogo kile anachokikataa, na dawa ya kumrudisha iwe tayari pembeni. Awadhi aliamini. Alijua pia kwamba akimwambia Zuena, Zuena hatakuja.

Bilauri aliibeba Awadhi mwenyewe, na kwa kuwa mtoto alimpenda, akanywa mkononi mwake. Alinywa akimtazama usoni, midomo imekunjamana, bila kugoma.

Haukupita muda mrefu akaanza kutoka jasho. Akatapika. Kisha akalegea kama nguo mbichi, macho yakageuka, mwili ukaanza kukakamaa. Zuena hakupiga kelele. Alimshika mwanawe miguu, akaishika tu, huku daktari akitafuta mshipa na kumchoma sindano. Mtoto akarudi polepole. Akafumbua macho, akalia, na kilio kile kila mtu mle ndani alikishukuru.

Ndipo Zuena alipoiona bilauri mezani. Akaichukua, akaingiza kidole chini kabisa, akaonja.

"Tamu," alisema.

"Zuena, nisikilize."

"Nilikuambia wewe. Sikuiambia kliniki, sikumwambia Mzungu. Nilikuambia wewe njiani, kwa sababu ulisema unanitaka." Hakupandisha sauti. "Naye amekunywa kwa sababu ni mkono wako."

Alimfunga mtoto mgongoni akatoka. Daktari alikuwa bado hajamaliza kupima ile damu. Awadhi alipokwenda chumbani kwa Zuena siku iliyofuata alikuta mlango wazi, ndani mafiga matatu na majivu. Jirani alimwambia amepanda lori la mfanyabiashara, amerudi kwao.

Majibu yalipotoka, daktari alimweleza Awadhi polepole, akirudia. Yalikuwa ndiyo yale maradhi ya kurithi. Awadhi alisikiliza huku akiwaza jambo moja: Zuena hajui. Anajua mtoto alinyweshwa kitu kitamu akaugua. Hajui kwamba sukari ile ile inaweza kumuua, nayo iko katika kila nyumba ya watu wema. Mtoto amerudi kwa bibi yake amekonda, na bibi gani akimwona mjukuu amekonda hatafuti sukari?

Aliomba ruhusa, akapanda lori mpaka Ruangwa, kutoka hapo akatembea. Safari hii hakuvaa soksi. Alifika Likunja jua limeelemea magharibi, vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi.

Zuena alikuwa uani anatwanga mtama. Alimwona, akaendelea kutwanga.

"Nimekuja," alisema Awadhi.

"Nimeona."

"Mtoto hajambo?"

"Ulimwacha hajambo?"

Mchi ukapanda, mchi ukashuka. Awadhi akasema akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kukaa.

"Sikuja kuomba msamaha. Nitauomba, lakini si sasa. Zuena, msimpe sukari. Wala asali, wala muwa, wala tunda lolote tamu. Mwili wake hauwezi vitu hivyo, vikiingia vinageuka sumu. Yeye mwenyewe alijua, ndiyo maana akatupa pipi. Asipovila atakua kama wengine, atazeeka. Daktari anasema hata meno yake yatakuwa mazuri kuliko yetu sote."

"Jana mama kamtilia sukari kwenye uji. Kautema wote."

"Mwacheni ateme."

Mchi ulisimama. "Na kwa nini yeye?"

"Amerithi. Baba amebeba nusu, mama amebeba nusu, na hakuna anayejijua. Zikikutana, mtoto anaumia. Wewe na mwenzako ni damu moja, ndiyo maana zilikutana."

"Kwa hiyo si tumbo langu."

"Nusu yako. Nusu ya yule aliyeliita kaburi."

Zuena akauweka mchi, akakaa chini kwenye vumbi, akafunika uso kwa upindo wa kanga. Alipofunua uso macho yalikuwa makavu, lakini kuna jambo jipya limeingia humo, na Awadhi akaona linavyoingia.

"Wale wawili," alisema taratibu. "Mama alikuwa anauza ufuta wake anunue sukari kwa Mhindi pale Ruangwa. Alisema wajukuu zake hawatakula uji mkavu kama mayatima. Alikuwa anawalisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko."

Kabla Awadhi hajajibu, Bi Mwanawetu, mama yake Zuena, alitokea nyuma ya nyumba, Mbaruku kamkamata upindo. Alikuwa mama wa makamo aliyezeeshwa na jembe, Kiswahili chake kizito, cha kukatakata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa hospitali?"

"Ndiye mimi."

Alimweleza habari ya sukari kama alivyomweleza bintiye, kwa maneno machache zaidi. Mama alisikiliza mkono uko kichwani mwa mtoto. Alielewa upesi kuliko Awadhi alivyotaka.

"Sukari," alisema. "Mtoto akila, anakufa."

"Akila nyingi, mama. Huyu hatakula."

"Na wale wa kwanza?" Mkono wake ulisimama kichwani mwa mtoto. "Wale mimi nililisha. Wale walikufa nini?"

Zuena hakuinua uso. Kuku walikuwa wakidonoa mtama uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Awadhi alimtazama yule mama, mikono yake, kucha zilizokatikia shambani.

"Wale ilikuwa homa, mama," alisema. "Miaka ile homa iliua watoto wengi huku. Nimeuliza kliniki."

"Homa."

"Homa."

Bi Mwanawetu akashusha pumzi, akamnyanyua mjukuu wake, akaingia ndani kutafuta kitu cha kumpa mgeni.

Zuena alimsindikiza Awadhi mpaka njia panda. Walitembea yeye mbele, Awadhi nyuma.

"Mdomo wako," alisema bila kugeuka, "niliuona kama ufuta uliokauka. Ukiguswa tu unamwaga."

"Najua."

"Leo umefunga."

"Nitafunga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mama yako atangulie mbele ya haki. Na baada ya hapo pia."

Zuena alisimama, akageuka. Alikuwa amechoka, naye Awadhi amechoka, na wote wawili walionekana hivyo bila kuficha.

"Sijakusamehe ile bilauri," alisema. "Ile itachukua muda. Na wewe ukoo wako wa wapi vile? Isije ikawa na wewe ni mtoto wa mjomba."

"Kiegei, upande wa Nachingwea. Na babu zetu walivuka Ruvuma wakitoka kusini. Mimi na wewe hatukutani popote."

"Basi tuma mshenga."

"Mshenga wangu ni baba mkubwa. Mzee, hatembei haraka."

"Aanze leo, basi," alisema Zuena, akageuka kurudi kwenye kinu.

Awadhi akashika njia ya Ruangwa. Miguu ilimuuma, na safari ilikuwa bado ndefu.