Lindo la Mnara wa Zebaki

Pimajengo ilipanda Mnara wa Zebaki kwa miguu yake sita, ikigonga vioo na kusikiliza mwangwi, huku nusu ya Dodoma imejaa barabarani kushangaa. Kwa mwezi mmoja roboti hiyo ilikuwa imepima majengo mapya yote ya katikati ya jiji, na wasanifu waliozoea kutembea kifua mbele walikuwa wamenywea.

Injinia Ndalu Chiwanga, aliyeiunda, alingoja ishuke mlangoni. Aliifundisha imalizie kupima pale anaposimama mlinzi, na pale pabebe alama nyingi kuliko kwingine kote. Watu walidhani ni falsafa. Ilikuwa chuki tupu. Mlinzi wa kwanza wa mnara huu alikuwa baba yake. Vioo vilikusanya jua na kulimwaga mlangoni, na msanifu alikataza kiti na kibanda, eti vingeharibu sura ya jengo. Siku ya kumi na tisa Mzee Chiwanga alianguka pale, hakuamka tena.

Alama zikatangazwa: kumi na moja kwa mia. Sheria mpya ya jiji haikuwa na mzaha: msanifu aliyefeli hukaa penye kasoro ya jengo lake, siku moja kwa kila alama iliyopungua, kuanzia papo hapo. Basi Bonifasi Kitundu, msanifu wa mnara huo, mzee wa miaka sabini na minne, akasimamishwa lindoni.

"Ndalu, mwanangu, jeneza la baba yako nililitoa mimi," alisema.

"Na kiti je, Mzee? Kiti kilikushinda?"

Kufikia saa saba mchana, Kitundu alikuwa akiyumba. Mama Eliwaza, mlinzi wa sasa, akamfungulia mwavuli.

"Funga," Ndalu alisema.

"Injinia, huyu atatufia."

"Nimesema funga!"

Mwavuli ukafungwa. Roho ya Ndalu ikaburudika, tusidanganyane. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na leo aliyeushika ni yeye.

Pimajengo, isiyojua kisasi wala msamaha, ikainama na kupima upya kama ilivyofundishwa.

"Mtu mmoja juani," ilitangaza, barabara nzima ikasikia. "Aliyemnyima kivuli ni nani?"

Watu wakageuka. Kitundu alikuwa amepiga magoti. Mama Eliwaza alimtazama Injinia kama atazamwavyo muuaji.

"Andika Ndalu Chiwanga," Injinia mwenyewe alijibu. "Na kesho mleteni mapema. Zimebaki siku themanini na nane."