Jasi Juu ya Rangi ya Bluu

Inspekta Eudocia Marchán hakuwa na gari, maana gari pekee la kituo lilikuwa limeazimwa na walinzi wa bandari mpya. Hakuwa na maabara. Damu iliyochukuliwa mjini Morín ilisafiri kwa basi hadi makao ya mkoa, na majibu yalirudi baada ya wiki tatu, kama yalirudi. Hakuwa na mpiga picha, wala mbwa wa kunusa, wala glavu za kumtosha. Hakuwa na mume wa kumwambia aache kazi, wala mkubwa wa kumwambia aendelee nayo. Na asubuhi ile ya Jumatano, akiwa amesimama kati ya matofali ya zege makubwa kama vibanda, yaliyosubiri kushushwa baharini, hakuwa na muda.

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi, hatua mbili kutoka ukingo wa gati. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa mbele, kana kwamba mwenyewe alikuwa anataka kuushika ukungu.

"Namjua," alisema Sajenti Lizardo Cueva. "Wilder Chumbes. Yule kijana wa jasi."

Morín nzima ilimjua. Tangu kampuni ya handaki ilipoanza kulipua mwamba chini ya mji ili kupitisha barabara ya malori ya bandari, nyumba za mtaa wa juu zilianza kupasuka. Wilder, mfanyakazi wa kampuni hiyo, alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na ndoo yake. Kila penye ufa alibandika ukanda wa jasi, ule unga mweupe unaoganda ukichanganywa na maji, na kuandika tarehe. Jasi hainyumbuki. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa ukucha, ukanda unakatika.

Eudocia alipiga magoti. Kisogo kilikuwa kimebonyea. Jeraha lilikuwa la pembe nne, lenye kingo zilizonyooka, upana wa vidole viwili.

"Siyo jiwe," alisema.

"Siyo kasia pia," alisema Lizardo. "Kasia lingempasua kichwa chote. Mimi baba yangu alinifundisha makasia, na siyo kwa kupiga makasia: kwa kunipiga nayo."

Mfukoni mwa marehemu mlikuwa na simu iliyovunjika, kitambaa, na kipande cha jasi kirefu kama kiganja. Mbele kiliandikwa kwa penseli: 12 Mei. Nyuma kilikuwa na ganda la rangi ya bluu. Daftari lake la vipimo, ambalo hakuachana nalo kamwe, halikuwepo.

Eudocia alikitia kipande kile kwenye bahasha. Bado hakujua kilikuwa kinasema nini.

Aliporudi kituoni, Meja Urdanivia, mkuu wa kituo, alikuwa ameshamaliza kesi. Ndani ya mahabusu aliketi Mzee Evaristo Pazos, mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi, mtu wa miaka sitini na tatu mwenye mapafu mabovu.

"Jana saa kumi na moja jioni alimtukana marehemu mbele ya mtaa mzima," alisema Meja. "Alisema atamzika kwenye zege. Mashahidi kumi na wanne. Unataka nini tena?"

"Nataka silaha, afande."

"Tafuta. Una mpaka Ijumaa saa mbili asubuhi. Saa arobaini na nane zikiisha, gari linampeleka gereza la mkoa, na meli ya kwanza itaingia bandarini tarehe mosi bila kelele za wavuvi."

Gereza la mkoa lilikuwa juu milimani, na baridi yake iliwaua hata wenye mapafu mazima. Eudocia alilijua hilo. Pazos pia alilijua.

"Ulimtishia, mzee?"

"Nilimtishia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walitulisha wali na bata, binti yangu, huku wakitubandika uongo ukutani."

"Nieleze vizuri."

"Jumapili ya tarehe sita mwezi huu, kampuni ilitualika mtaa mzima kwenye chakula. Hata vikongwe walibebwa. Tuliporudi, kila palipokuwa na ukanda uliokatika palikuwa na ukanda mzima. Mpya. Jana yule kijana alipokuja kukagua, nikamwambia: wewe mchawi gani unayeponya kuta watu wakiwa mezani?"

"Akajibu nini?"

"Alikodoa macho. Akamwomba mke wangu kisu, akaubandua ukanda mmoja, akaondoka nao bila hata kuaga. Nikazidi kumtukana mgongoni." Mzee alikohoa kwa muda mrefu. "Ningekuwa nimemuua mimi, afande, msingempata gatini. Mimi ni mvuvi. Ninajua mkondo unapeleka wapi vitu."

"Usiseme hivyo mbele ya Meja."

"Nimeshasema. Aliandika."

Nyumba ya Pazos ilikuwa mtaa wa juu. Mama Zoraida, mkewe, alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi na macho mekundu.

"Mume wangu amekula?"

"Amekula mkate, mama."

"Mkate!" alisema kwa uchungu, kana kwamba amesikia matusi. "Ingia. Ukuta wenyewe ule pale."

Ukuta wa sebuleni ulikuwa wa bluu, bluu ya kung'aa. Palipokuwa na ukanda palibaki alama ndefu, ambapo rangi ilikuwa imebanduka pamoja na jasi na tofali kubaki uchi. Katikati yake ulipita ufa wa kuingiza kidole.

"Rangi hii mlipaka lini?"

Mama Zoraida alimtazama kama anayemtazama mgeni. "Wewe umezaliwa wapi, mwanangu? Kabla ya Mtakatifu Petro. Nani anampitisha Mtakatifu mbele ya ukuta mchafu? Tarehe ishirini na sita Juni tulipaka, mtaa mzima, nje na ndani. Tarehe ishirini na tisa sanamu yake ikashushwa baharini."

"Na ukanda wa zamani?"

"Ulikuwa umekatika vipande viwili tangu mwanzoni mwa Juni. Niliung'oa nikapaka, maana ulinichafulia ukuta. Nilikosea?"

Eudocia alitoa bahasha, akakigeuza kipande cha jasi. Mbele: tarehe kumi na mbili Mei. Nyuma: rangi ya bluu ya tarehe ishirini na sita Juni. Aliyebandika ukanda ule aliandika tarehe ya zamani juu ya rangi mpya. Mtu wa Morín asingefanya kosa hilo hata usingizini. Huyu alikuwa mtu asiyejua kwamba mwezi wa sita kuta za mji huu hubadilisha ngozi.

"Mama, siku ile ya chakula, Wilder alikuwa wapi?"

"Palepale! Aligawa sahani, masikini, na aproni tumboni. Tangu saa nne mpaka jua linazama. Tulimtania kwamba ameshapata kazi inayomfaa."

"Na nani alikosekana?"

Alifikiri. "Yule mkubwa wao. Mhandisi Tassara. Ndiye angetoa hotuba. Walisema gari lake limeharibika."

Jioni ile Eudocia na Lizardo waliingia nyumba nyingine kumi na sita. Kuta zilikuwa za kijani, za waridi, za manjano. Kila ukanda uliandikwa Mei. Kila ukanda uliobanduliwa ulitoka na rangi ya Juni mgongoni, na chini yake ufa ulikuwa mpana kuliko wa nyumba iliyotangulia. Katika nyumba ya mwisho, Lizardo aliingiza ngumi yake nzima, akaitoa, akavua kofia.

Hakutania tena siku hiyo.

Ilibaki silaha. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi Eudocia alishuka kwa wapiga mbizi wa kome, watu wa ushirika wa Pazos. Tangu bandari ianze walikuwa wamepigwa marufuku kuingia maji yale, na kila aliyeingia alinyang'anywa mpira wake wa kupumulia.

"Nataka mzamie chini ya gati," aliwaambia.

"Walinzi watatukamata, afande."

"Mimi ndiye polisi. Niwakamateni mimi kwanza, basi, halafu mzamie mkiwa chini ya ulinzi wangu."

Walicheka, mara ya kwanza tangu mzee wao akamatwe, na wakavaa. Kina kilikuwa mita kumi na saba, kilichochimbwa kwa ajili ya meli kubwa. Saa tatu na nusu mmoja wao alipanda na mfuko wa wavu. Ndani yake mlikuwa na nyundo ya wapima miamba, yenye uso wa pembe nne upana wa vidole viwili. Kwenye mpini zilichomwa herufi mbili, R na T.

Ofisi ya Mhandisi Rómulo Tassara ilikuwa na dirisha linalotazama kreni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, nadhifu, mwenye sauti ya mwalimu.

"Msiba mkubwa, Inspekta. Nasikia mmeshamkamata yule mzee."

"Tumemkamata mtu. Kanda za jasi hubandikwa na nani?"

"Chumbes peke yake."

"Lini?"

"Kumi na mbili Mei."

"Zimewahi kubadilishwa?"

"Hapana. Hakuna sababu. Hakuna hata moja iliyokatika. Wakaguzi wa wenye bandari walikuja tarehe kumi Julai, wakaziona, wakatia sahihi. Mji hausogei."

"Jumapili ya tarehe sita ulikuwa wapi?"

"Gari liliniharibikia."

"Wapi?"

"Njiani."

"Njia ipi?"

Eudocia aliweka kipande cha jasi mezani, tarehe ikitazama juu.

"Unakitambua?"

"Ni cha Chumbes."

Alikigeuza. "Rangi hii ilipakwa tarehe ishirini na sita Juni. Mtaa mzima ni shahidi. Sasa niambie, mhandisi: jasi ya Mei ilipandaje juu ya rangi ya Juni?"

"Basi Chumbes alidanganya tarehe."

"Chumbes alikuwa anagawa bata mbele ya watu mia mbili."

"Mtu mwingine, basi."

"Nyundo yako iko wapi?"

Mkono wake ulikwenda kiunoni, kwenye ala ya ngozi. Ulikuta ala tupu, ukabaki pale.

"Imepotea."

"Imepatikana." Lizardo aliiweka mezani, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Maji ya bahari yalikuwa bado yanatiririka ndani.

Saa sita kamili mlipuko wa mchana ulipasuka chini ya ardhi. Vikombe viligongana. Vumbi jepesi lilianguka kutoka darini, juu ya karatasi, juu ya nywele za Tassara. Hakulipangusa.

"Ninaweza kuwapigia simu wasimamishe," alisema taratibu. "Nilikuwa ninaweza. Kila siku niliweza."

"Kwa nini hukufanya?"

"Kwa sababu niliandika kwamba ni mwamba. Miaka mitatu iliyopita, kabla hawajachimba hata shimo moja, nilitia sahihi kwamba chini ya mtaa ule ni mwamba mtupu. Ni mchanga, Inspekta. Mchanga uliojazwa na wazee wao, na mwamba mwembamba kama mkate chini yake. Nilitoboa visima vitatu vya kupimia ardhi badala ya thelathini, maana walikuwa na haraka na mimi nilitaka kazi. Handaki likisimama, watauliza nani alitia sahihi."

"Ukabandika jasi mpya."

"Kumi na saba. Kwa mikono yangu. Wakaguzi walitazama kwa dakika ishirini tu."

"Na Wilder?"

"Wilder angehamishwa kabla ya ukaguzi wake wa tarehe kumi na tano. Barua yake ya uhamisho ilichelewa siku moja." Alitazama dirishani. "Alikuja gatini saa kumi na mbili na nusu. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama najua ni watu wangapi wanalala juu ya handaki. Akasema mia tatu na kumi na mbili. Alikuwa amewahesabu na watoto wachanga. Nikamwambia wamelala hivyo miaka miwili na hawajafa. Akageuka aende kwa mwendesha mashtaka. Akanipa kisogo."

"Daftari lake?"

"Nililichoma."

Lizardo alimfunga pingu. Tassara alinyoosha mikono mwenyewe. Maelezo yake yalipigwa chapa katika nakala mbili, kurasa nne, naye akatia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko mzuri.

Meja Urdanivia alisoma nakala ya kwanza akiwa amesimama.

"Kazi safi. Sasa toa ukurasa wa tatu."

"Ukurasa wa tatu ndio wenye sababu, afande."

"Sababu ni ugomvi wa kazini. Mambo ya mchanga na mwamba siyo ya polisi. Unataka handaki lifungwe wiki mbili kabla ya meli?"

"Bila ukurasa huo, wakili wake atasema alijitetea, kisha atamnyooshea kidole mvuvi aliyetishia watu. Pazos atapanda gari kesho."

"Basi atapanda. Akiwa hana hatia atashuka."

"Ana mapafu ya mwezi mmoja kule, afande."

"Marchán." Meja aliketi. "Bado kidogo upandishwe cheo. Niachie karatasi hizi. Nitazituma mwenyewe, kesho mchana."

Eudocia alipiga saluti. Alimwachia nakala ya kwanza mezani, kurasa zote nne.

Alipita mahabusu. Mzee Pazos alikuwa ameegemea ukuta.

"Nimesikia ni mhandisi," alisema.

"Ni yeye."

"Kijana hakujua lolote, sivyo? Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimtukana, akaenda kuuliza." Alifuta mdomo. "Angepita tu na ndoo yake, angekuwa hai."

Eudocia aliondoka na nakala ya pili kwapani.

Saa tisa na nusu aliketi kwenye benchi la ofisi ya vifurushi vya basi, nakala ya pili ikiwa magotini. Aliandika barua fupi kwa mwendesha mashtaka wa mkoa. Alisema nani ameua, nani hakuua, na nini kinasogea chini ya nyumba kumi na saba. Aliomba amri mbili kabla ya saa mbili asubuhi: moja ya kumwachia Evaristo Pazos, moja ya kusimamisha baruti. Aliisoma mara moja, akafuta neno "tafadhali" la pili, akatia sahihi.

Alikunja kurasa zote, ukurasa wa tatu ukiwa mahali pake, akazitia kwenye bahasha. Akaipaka gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, kisha akagonga muhuri wa kituo juu ya mshono.

"Ipokewe na nani?" aliuliza mama wa dirishani.

"Yeye mwenyewe, mkononi. Siyo karani wake."

"Na mtumaji? Niandike kituo?"

"Hapana. Andika jina langu."

Mama yule aliandika, akampa stakabadhi, akampelekea dereva bahasha. Dereva aliisukuma ndani ya koti lake, akafunga zipu mpaka shingoni.

Basi liliondoka saa kumi na dakika mbili.