Tangazo Alilolisikia Nusu

Maige wa Tinde alipenda redio. Kila jioni alikwenda dukani kwa Kalisti, mwenye redio ya betri, kusikiliza muziki. Habari zikianza, aliondoka.

Jioni moja muziki ulikatizwa na tangazo: "Wafugaji wa Shinyanga, Jumatatu pelekeni ng'ombe wote kwenye minada yenu..."

Maige hakungoja zaidi. Miaka ile serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu kupunguza mifugo, na watu walikuwa na uchungu. Alikimbia nyumbani.

"Mama Mabula, wanakuja kuchukua ng'ombe wetu!"

"Redio imesema hivyo?" mkewe Zipora akauliza.

"Imesema tuwapeleke mnadani. Unadhani wanataka kuwasalimia?"

"Ungesikiliza mpaka mwisho, Baba Mabula."

"Mwisho naujua."

Hakuujua hata kidogo. Aliwaswaga ng'ombe wake porini, akawaficha mpaka Jumatatu ikapita. Tena aliwaonya majirani wawili, nao wakaficha ng'ombe wao.

Mwezi haukuisha, ugonjwa wa sotoka ukaingia. Ng'ombe walitoka machozi, wakaharisha, wakaanguka. Zizini kwa Maige alibaki ndama jike mmoja. Majirani wale wawili nao walipoteza ng'ombe wao. Inauma hata kusimulia.

Donatus, bwana mifugo, alikuja kuwapa pole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jumatatu ile tulichoma sindano ya kuzuia sotoka. Bure kabisa. Mbona hukuja?"

"Redio haikutaja sindano."

"Ilitaja, mzee, lakini mwishoni, tena mara moja tu. Hapo nasi tulikosa. Tangazo lianze na sababu, na lirudiwe. Nawe sikiliza mpaka mwisho. Usipoelewa, niulize kabla hujamwambia jirani."

"Jirani zangu nimewamaliza," Maige alisema, akalia.

Tangu hapo, dukani kwa Kalisti watu walinyamaza wakati wa habari. Zikiisha, walielezana kwa Kisukuma: wamesema nini, na kwa nini? Wasiloelewa walimuuliza Donatus.

Mwaka uliofuata redio ikatangaza tena. Safari hii ilianza na sotoka, ikarudia siku na mahali. Maige alisikiliza lote, ndipo akapita kwa majirani.

Siku ya sindano ndama wake alikuwa amekuwa mtamba.

"Huyu sotoka haitamgusa, mzee," Donatus alisema.

"Asante, mwanangu."

Watu walirudi nyumbani wakiswaga makundi yao. Maige alimvuta mtamba wake kwa kamba. Ng'ombe mmoja haswagwi.