Samaki wa Karatasi

Walikutana sokoni, kwenye banda la mapazia ya mitumba, kila mmoja ameshika upande wake wa pazia moja zito la kahawia.

Ilikuwa Jumamosi na soko limefurika. Msichana alikuwa bado na sare nyeupe ya wanafunzi wa uuguzi, raba zimelika visigino, nywele amezifunga ovyo. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Mwanaume alivaa shati la bluu lililonyooshwa vizuri, ila ncha ya mkono wake ilikuwa na gundi iliyokauka.

"Kaka, nimelishika mimi kwanza."

"Na mimi nimeliona kwanza, dada. Watoto wangu hawana giza la kulalia mchana."

"Una watoto wangapi?"

"Darasa zima. Nafundisha chekechea."

Msichana alitaka kucheka, miayo ikamtangulia. Mwanaume akaliachia pazia.

"Chukua tu. Una usingizi kuliko darasa langu lote."

Ndivyo alivyokosa pazia akapata mpenzi. Tangu siku ile yeye akawa Mwalimu, na msichana akawa Nesi, ingawa chuo kilikuwa bado hakijampa cheo hicho.

Yalikuwa mapenzi ya watu waliochoka. Wenzao walitoka kwenda kucheza muziki, wao walikaa kwenye benchi nje ya bweni, Nesi akisinzia begani, Mwalimu akimsimulia habari za mtoto aliyejitia harage puani. Mengine waliyamaliza kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Basi hujala. Kale, kisha ulale."

"Nilale wapi? Hiki chumba kinanichosha. Vitanda vya chuma, taa nyeupe inamulika kama ya upasuaji, kuta za kijivu. Nikiingia humu naona kama nimelazwa."

Neno hilo lilimwingia Mwalimu lisimtoke. Wiki nzima darasa lake lilikata karatasi za rangi: samaki, nyota, na twiga mrefu kuliko mlango. Siku ya wageni, Nesi akiwa kazini, alibisha hodi kwa mwenzake Nesi wa chumba, ambaye bweni zima lilimwita Bi Harusi kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine ila harusi.

"Shemeji, mtu mzima anataka samaki kweli?"

"Anataka rangi."

"Haya. Wewe ndiye unayemjua."

Naye Bi Harusi alikuwa akifanya mazoezi wodi ya wazazi, hajawahi kukanyaga wodi nyingine. Wakabandika pamoja, kisha wakajificha jikoni kusubiri vifijo.

Nesi alifika jioni. Alisimama mlangoni akazitazama kuta. Kisha akaanza kubandua samaki mmoja mmoja, akawatia kwenye pipa la takataka ukumbini. Akajilaza na viatu vyake.

Mwalimu alipotoka jikoni, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa shingo ya twiga ikichungulia pipani.

"Hukupenda?"

"Naomba uende, Mwalimu."

"Watoto wamekata wiki nzima."

"Nimesema naomba."

Akaenda. Usiku ule alipiga simu, haikupokelewa. Kesho yake pia. Baada ya hapo akaacha, maana mwanaume akishaona vibaya hata kidole cha kubonyezea simu huwa kizito. Nesi naye alikuwa akiitazama simu ile isiyolia, akijua ni yeye aliyeinyamazisha, na kila alipotaka kupiga alikosa pa kuanzia. Aliona anampoteza, na hata kulizuia hilo hakuwa na nguvu.

Mama yake Mwalimu ndiye aliyechokoza.

"Yule mkwe wangu yuko wapi siku hizi?"

"Amechoka, mama."

"Kachoka na kazi au kachoka na wewe?"

Mwalimu alikwangua gundi kidoleni.

"Nenda ukamuulize, baba. Kuuliza si ujinga."

Saa ya kutazama wagonjwa alikuwa hospitalini. Walimwelekeza wodi ya watoto, akafika mlangoni na hapo akasimama. Kuta zote zilikuwa na samaki wa karatasi. Nyota, vipepeo, na twiga pembeni mwa dirisha. Walimu wa chekechea na wauguzi wa watoto hununua karatasi zilezile na kukata samaki walewale, ila Mwalimu hakuwahi kulifikiria. Chini ya yule twiga kulikuwa na kitanda kitupu, godoro limekunjwa.

Nesi alitokea na sinia la dawa. Walitazamana.

"Nilikuletea wodi chumbani," alisema Mwalimu.

Nesi aliweka sinia chini, akamvuta nje kwenye korido.

"Mtoto aliyekuwa kitanda kile aliwapa samaki wote majina," alisema. "Alifariki siku ile. Nilimfunika mwenyewe. Nikarudi kulala, nikakuta samaki wake wananingoja ukutani."

"Kwa nini hukuniambia, mpenzi?"

"Kusema nako ni kazi."

"Nisamehe. Nilikusikia, lakini sikukuuliza."

"Na mimi nimetupa twiga wa watoto wa watu."

"Nimewaambia amehamia mbugani."

Hapo Nesi akacheka, na kicheko hakikufika mbali kikageuka kilio alichokuwa akikibana tangu siku ile. Mwalimu alimshika, shati lake la pasi likalowa begani.

Siku ya wageni iliyofuata Mwalimu alikuja bwenini mikono mitupu.

"Unataka chumba chako kiweje?"

Nesi alizungusha macho chumbani. Kutwa nzima yeye ndiye aliyewauliza wengine wanataka nini.

"Kitanda kigeuzwe. Nikilala naona mlango, nikiuona mlango nahisi naitwa. Na hiyo taa izimwe. Kuta ziache hivyohivyo."

Wakageuza kitanda. Bi Harusi alileta taa yake ndogo ya mezani yenye mwanga wa manjano, kisha beseni la maji ya moto, Nesi akatumbukiza miguu mpaka maji yakapoa. Alijilaza. Mwalimu alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta mtupu.

"Nesi," alisema polepole. "Ukimaliza chuo nataka nikuoe. Tukae nyumba moja."

Nesi alikuwa akipumua taratibu, macho ameyafumba. Bi Harusi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mwalimu hakumwamsha. Usingizi ule Nesi alikuwa ameutafuta muda mrefu kuliko yeye alivyotafuta mke, akaona si haki kumnyang'anya.

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Alinyanyuka, akavuta shuka akamfunika mabega.

"Nimekubali," alisema Nesi bila kufumbua macho. "Lakini rangi ya kuta za nyumba yetu, niulize nikiamka."