Semeni, Mwali na Kanga ya Bibi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya minazi, Mwanaasha alikuwa ameshafagia uwanja na ameshateka mtungi wa kwanza kisimani. Mama yake alikuwa Mlandizi kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo kazi zote za nyumba zilimwangukia yeye, msichana wa miaka kumi na miwili. Kazi ya mwisho kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alimkorogea Semeni uji wa pumba.

Semeni alikuwa mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililopasuka. Uji wake ulipikwa katika chungu chake mwenyewe, nacho kilikaa nyuma ya nyumba, mbali na vyombo vya watu. Ndani hakukanyaga hata siku moja. Mlango aliujua, mpaka wake aliujua, na kwa adabu aliwashinda baadhi ya wageni wa nyumba ile.

Hiyo ilikuwa Vihingo, huko Kisarawe, enzi za Mwingereza, miaka mitatu baada ya Vita vya Hitila kwisha. Nguruwe mwitu walikuwa wengi kupita kiasi. Mtu aliweza kulala akiwa na shamba la muhogo akaamka na mashimo matupu. Kitwana, baba yake Mwanaasha, alipoamua kufuga mbwa wa kulinda shamba, majirani walimcheka: nyumba ya swala tano, mbwa wa nini? Yeye akampa mbwa jina la Semeni, yaani semeni mpaka mchoke. Walisema kweli, na walichoka walipoona muhogo wa Kitwana umesimama na wao hawana kitu.

Tabu ilianza darini. Panya waliingia kwenye mpunga wa mbegu uliohifadhiwa juu ya jiko, na kabla watu hawajatanabahi, debe zima lilikuwa makapi. Mbegu zikiisha, mwaka ule wasingepanda. Kitwana akafunga safari mpaka Tangini, upande wa Kibaha, kwa dada yake Mwanakheri, akarudi na paka jike wa madoa ndani ya kikapu kilichofunikwa.

Alipofunua kikapu uwanjani, mambo yaliharibika papo hapo. Semeni hakuwahi kuona paka. Aliloliona yeye ni mnyama mdogo mgeni, na kazi yake tangu utoto ilikuwa kufukuza wanyama wageni. Alimrukia. Paka akapanda ukuta, akajichimbia ndani ya makuti ya paa, akakataa kushuka siku mbili. Panya wakaendelea na karamu yao chini yake.

Kitwana alikasirika sana.

"Nguruwe wako shambani, panya wako darini," alisema. "Nawahitaji wote wawili. Lakini nikilazimishwa kuchagua, nachagua mbegu. Jumamosi Mzee Mbaraka atapita hapa. Kama mpaka siku hiyo hawajaelewana, ataondoka na Semeni."

Mzee Mbaraka alikuwa mwindaji wa nguruwe. Kila mara alitafuta mbwa wapya, na kila mtu alijua kwa nini. Wale wa zamani walipasuliwa na meno ya nguruwe huko porini. Mbwa wake hawakufika mwaka wa pili.

Usiku ule Mwanaasha alilia kimyakimya, na asubuhi macho yake yakamsema. Bibi Tatu, mama yake Kitwana, alimwita.

"Unalia nini, na mimi sijafa?" alimuuliza. "Wewe umemwona wapi mwali anatolewa nje siku ile ile aliyowekwa ndani? Mwali hukaa chumbani kwanza. Watu wamzoee kwa sauti, naye awazoee. Huyu paka ni mwali wetu. Tutamweka ndani siku saba."

Basi paka akapata jina hapo hapo, akaitwa Mwali. Walimshusha kwa kipande cha papa mkavu, wakamfungia katika chumba cha nyuma. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa umebanduka udongo karibu na ardhi, fito zikabaki wazi, na pumzi ya mnyama iliweza kupita ila mwili wake usipite. Bibi akampa Mwanaasha maagizo.

"Mwali atakula ndani. Semeni atakula nje, mbali, pale penye mti wa mpera. Kesho msogeze chungu hatua mbili. Keshokutwa mbili tena. Akibweka, mrudishe nyuma, usimpige. Twaa na gunia, alilalie Mwali, kisha alilalie Semeni, wajuane harufu. Gunia, nimesema, si nguo ya mtu! Na mlango usifunguliwe mpaka nitakapokuambia mimi."

"Sawa, Bibi."

Jumapili, Semeni alibweka mpaka sauti ikamkauka. Jumatatu alibweka kidogo. Jumanne alinusa gunia kwa muda mrefu, akapiga chafya, akalala juu yake. Jumatano chungu kilikuwa hatua nne tu kutoka ukutani, na Semeni alikula huku akitupa jicho kwenye fito. Ndani, Mwali naye alikula, mgongo umeinuka lakini mdomo unafanya kazi.

Mtu mwenye subira angefurahi. Mwanaasha alihesabu siku. Siku ya saba ingeangukia Jumamosi yenyewe, siku ya Mzee Mbaraka! Angepata wapi nafasi ya kumwonyesha baba kwamba wameelewana?

Alhamisi asubuhi Bibi alifua kanga yake ya kuswalia, ile ya rangi ya zambarau aliyoitunza kuliko nguo zake zote, akaianika kwenye kamba ya uani, akaenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Baba alikuwa shambani. Mwanaasha akabaki peke yake na wanyama wawili na wazo baya. Alimfunga Semeni kamba shingoni, akaizungusha kamba mkononi mwake mara mbili. Kisha akafungua mlango wa chumba.

Mwali alitoka taratibu, akinyatia ukuta. Pengine wangetazamana tu. Lakini kuku alipuruka, Mwali akashtuka akakimbia, na Semeni alipoona kitu kinakimbia hakujizuia. Kamba ilimchoma Mwanaasha kiganja, ikamtoka. Semeni alimkamata Mwali mguu wa nyuma. Mwali akamrarua pua. Mwanaasha alipiga kelele, "Semeni! Acha!" naye akaacha mara moja, akalala chini, masikio yamelazwa, damu zinamtoka puani.

Manyoya ya Mwali yalikuwa yamelowa mate na damu. Mwanaasha alinyoosha mkono akavuta nguo ya kwanza aliyoifikia, akamfuta nayo paka, akamfunga mguu, akamrudisha chumbani. Damu ilipokoma akaifungua. Ndipo alipoona ameshika nini. Ilikuwa kanga ya Bibi.

Kila mtoto wa chuoni alijua hukumu yake. Mate ya mbwa yakigusa nguo, nguo hufuliwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini mtungi ulikuwa na maji kidogo na kisima kilikuwa mbali. Akaisuuza mara moja, akaikamua, akairudisha kambani. Kwa jua lile, ilikauka kabla Bibi hajarudi.

"Kumetokea nini?" Bibi aliuliza alipoona damu uwanjani.

"Semeni amekata kamba," alisema Mwanaasha. "Amesukuma mlango akamrukia Mwali."

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Jioni Kitwana alipoelezwa, hakufoka. Alikaa kitako, akamtazama Semeni aliyekuwa akilamba pua yake.

"Mbwa anayevunja mlango wa nyumba hafai," alisema. "Jumamosi anaondoka. Nimemaliza."

Hapo Mwanaasha angeweza kusema. Mdomo aliufungua hasa! Kisha akaogopa fimbo, akaogopa aibu, akaufunga. Wakati huo huo Bibi Tatu alikuwa chumbani kwake akijifunga kanga yake ya zambarau kwa swala ya magharibi.

Ijumaa ilikuwa ndefu. Mwanaasha alimpelekea Semeni uji, naye akatikisa mkia kama kawaida yake, kwa sababu hakujua amesingiziwa nini. Hilo lilimuumiza Mwanaasha kuliko kama angemng'ata. Kila Bibi alipotia udhu, Mwanaasha alitafuta kazi nje ya nyumba, asimwone.

Lakini alasiri ile hakuwahi kutoka. Alikuwa akichambua mchele mlangoni wakati Bibi alipotandika msala. Bibi alitia udhu kwa uangalifu wake ule ule, akaosha kila kidole na kusugua visigino, ingawa kuinama kulimuuma. Kisha akaitwaa kanga, akaikung'uta, akainusa kwa furaha ya mtu aliyefua mwenyewe, akaanza kujitanda. Mikono yake ilikuwa safi kabisa. Alijiandaa kusimama mbele ya Mungu, na hakujua.

Ungo ulimtoka Mwanaasha, mchele ukamwagika.

"Bibi! Usiswalie kanga hiyo!"

"Ina nini?"

"Ina mate ya mbwa." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Nilimfutia Mwali. Mlango nilifungua mimi, Bibi. Semeni hakukata kamba. Nilidanganya."

Bibi Tatu aliivua kanga polepole, akaiweka chini, mbali na msala.

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

Bibi alihesabu kwa vidole. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, alfajiri, na adhuhuri ya leo. Swala sita. Hakupiga kelele wala hakumwinulia mkono. Alijiosha mwili, akajisitiri kwa nguo nyingine, akatia udhu tena, akaswali alasiri yake. Kisha akaanza kuzirudia zile sita, moja baada ya nyingine. Kila aliposujudu, magoti yalilia, na kila alipoinuka alishika ukuta. Mwanaasha alitazama mpaka mwisho. Fimbo kumi zingekuwa nafuu.

Bibi alipomaliza, alisema tu, "Nenda kisimani. Unajua hesabu yake."

Mwanaasha alikwenda kisimani na kurudi, akaifua ile kanga mara saba, moja kwa udongo, kiganja chake kilichochunwa na kamba kikimuwasha kama pilipili. Baba aliporudi alimkuta anaianika. Akamwambia mwenyewe, bila kutumwa, kuanzia kamba mpaka kanga.

Kitwana aliweka jembe lake chini.

"Leo nimemwona Mzee Mbaraka, nikamweleza kisa na kumpa neno langu," alisema hatimaye. "Umenifanya nimhukumu asiye na kosa, na sasa nitavunja ahadi kwa mtu mzima. Kesho utamwambia wewe, kwa mdomo wako huo huo."

Mzee Mbaraka alifika Jumamosi asubuhi, kamba mpya begani. Mwanaasha alimsogelea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yuko wapi huyo mvunja milango?"

"Mlango niliuvunja mimi, babu. Yaani niliufungua, nikamsingizia. Naomba usimchukue."

Mzee Mbaraka alimgeukia Kitwana. "Nimetembea tangu alfajiri kuja kusikiliza maneno ya mtoto?"

"Ni maneno ya kweli, mzee wangu," alijibu Kitwana. "Nakuomba radhi. Mbwa haondoki."

Mzee alinung'unika sana, na haki yake alikuwa nayo. Mwishowe aliondoka na mkungu wa ndizi kwa ajili ya miguu yake, na kamba yake ikiwa tupu.

Msidhani baada ya hapo wanyama walikumbatiana. Mwali sasa alikuwa na sababu ya kuogopa. Bibi Tatu alirudisha chungu penye mti wa mpera, wakaanza upya, na safari hii siku saba hazikutosha, wala kumi na nne. Mwanaasha alisogeza chungu hatua moja, akarudisha mbili, akasogeza tena. Hakuuliza ni lini. Panya walikula kidogo, wakaanza kupungua, kwani Mwali alipandishwa darini kila Semeni alipokwenda shambani na baba.

Mwezi ulikuwa umeandama tena siku Bibi aliposema, "Leo fungua." Mwali alitoka akichechemea, na hakuacha kuchechemea maisha yake yote. Alikaa kizingitini. Semeni aliinua kichwa kutoka kwenye chungu, akamtazama, pua ikacheza. Semeni akarudi kwenye uji wake. Mwali akaanza kujilamba.

"Basi?" aliuliza Mwanaasha kwa kunong'ona.

"Basi. Ulitaka wapeane mikono?" Bibi Tatu alicheka, kisha akamkalisha karibu yake. "Sikiliza, mjukuu wangu. Wale wawili hawajui uongo. Mwali akiogopa, manyoya yanasimama. Semeni akikasirika, meno unayaona. Kila mmoja amejua mwenzake yukoje, ndiyo maana wamepatana. Wewe ulikuwa na haraka, na haraka ilimvunja paka mguu. Lakini uongo wako ulikaribia kumuua mbwa, na mimi ulinisimamisha kwenye swala na nguo chafu, nami nakuamini. Ukikosea tena, maana utakosea, niambie siku hiyo hiyo."

"Nitakuambia, Bibi."

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Bibi Tatu alinyoosha mkono, akaomba kanga yake ya zambarau. Mwanaasha aliikunjua na kumpa. Bibi hakuikagua wala hakuinusa. Alijitanda, akasimama kwenye msala.