Blanketi la Bi Nusu

Kila alasiri, akitoka shule, Kibibi alivua viatu mlangoni, akamwamkia mamake, akateka maji bombani, kisha akaanza jambo. Kuanza, alikuwa fundi. Kumaliza ndiko kulikomshinda. Chini ya kitanda chake palikuwa na mkeka uliosukwa ukaishia katikati, kofia ya babake iliyotarizwa upande mmoja, na leso iliyopindwa pindo moja, pindo la pili likingoja rehema ya Mungu. Hata pakiti ya maziwa waliyogawiwa shuleni aliinywa nusu, nusu akampa paka wa jirani.

Ndipo Shangazi Shekha, dada ya babake, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua kulala, alipompa jina la Bi Nusu. Jina likaenea mtaa mzima wa Barani. Hata watoto wadogo wa chuo cha Kurani wakawa wanamwita hivyo.

Mwaka wa 1986, baridi ya mwezi wa sita ilipoanza kuuma Malindi, mamake Kibibi alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Awadh. Wanawake walijaa chumbani kumpongeza mzazi. Furaha ikampanda Kibibi kichwani, akatamka mbele yao wote:

"Siku ya arobaini, Awadh akitolewa nje, atalazwa juu ya blanketi nililolifuma mimi mwenyewe. La rangi zote!"

Mama akatabasamu. Shangazi Shekha alicheka mpaka ushungi ukamdondoka.

"Bi Nusu wangu wee! Basi mtoto atafunikwa miguu au kichwa? Maana vyote viwili hutaviwahi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kibibi alihisi uso unamwaka. Akaapa moyoni kwamba hili atalimaliza, maana alijua kuwa likimshinda, jina lile litamfuata mpaka uzeeni.

Siku ya pili alikwenda kwa Mama Kaingu, jirani yao mzaliwa wa kijiji cha Ganda, aliyefuma fulana na kofia za watoto wachanga na kuziuza.

"Shikamoo, Mama Kaingu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari zako kabla hujafika. Unataka kufuma blanketi?"

"La duara. Rangi zizunguke."

Mama Kaingu alimimina kapu la mabaki ya sufu mkekani: rangi ya embe bivu, ya zambarau, ya majani, ya manjano, ya samawati. Kisha akatoa sindano ndefu kama rula, yenye kulabu nchani.

"Watawa walionifundisha waliuita ufumaji wa Kitunisi," alisema. "Tazama. Ukienda, unavuta vitanzi kimoja kimoja, unavipanga sindanoni. Ukirudi, unavitoa, mpaka kibaki kimoja. Kila mstari unaongeza kitanzi."

Mikononi mwake kikatokea kipande chembamba ndani na kipana nje, kama kipande cha mkate wa sinia. Akabadili rangi, akaanza kipande cha pili ubavuni mwa cha kwanza. Vipande vikiendelea hivyo mpaka vikutane, rangi zingepinda kutoka kitovuni kama mgongo wa konokono.

"Sasa sikiliza," akasema. "Ukingoni pana kitanzi cha mwisho. Hicho hujificha. Usipokichukua, blanketi litakusema mbele za watu. Na kila ukimaliza kipande, litandaze sakafuni ulitazame."

"Naam," alijibu Kibibi, lakini macho yake yalikuwa kwenye sufu ya rangi ya embe.

Kwa siku nyingi sindano haikumtoka mkononi. Alifuma barazani akipiga soga na rafiki yake Nzai, alifuma akisikiliza redio, alifuma akimbembeleza Awadh kwa mguu. Kitanzi cha ukingoni akikiona alikichukua, asipokiona alikiacha. Kutandaza alikuona ni kupoteza wakati. Kipande kikiisha, alikunja kazi yake, akaitia mfukoni, akaanza kingine. Hakuwa amewahi kwenda mbali kiasi hicho katika kazi yoyote, na roho yake ilikuwa kweupe.

Alhamisi moja, nafasi ya vipande vichache tu ikiwa imebaki, alilitandaza. Blanketi halikulala. Kingo zilisimama pande zote kama za bakuli. Akikandamiza huku, kule kunainuka. Akalitia chini ya godoro, akaweka na jiwe la kusagia juu. Asubuhi alipolitoa lilikuwa bapa, akashusha pumzi. Kisha likaanza kuumuka, taratibu, kama andazi mafutani.

Wakati huo huo Shangazi Shekha aliingia kumjulia hali mzazi. Akaliona. Akaliokota, akalivaa kichwani.

"Hebu nitazameni! Kofia hii ya nani? Ya jini?"

Wanawake waliokuja naye walishika mbavu. Shangazi akalivua, akamrudishia.

"Usijali, mwanangu. Mimi nimeshanunua blanketi dukani, limo ndani ya nailoni yake. Awadh hatalala uchi kwa ajili yako."

Kibibi alilia mpaka kwa Mama Kaingu. Alimkuta akipeta mchele.

"Zimebaki siku chache tu," alisema kwa kwikwi. "Limalizie wewe, mama yangu. Wewe huwezi kushindwa. Hakuna atakayejua."

Mama Kaingu aliweka ungo chini. Akaligeuza blanketi, akapitisha kidole ukingoni, polepole.

"Naweza," alisema. "Na siku hiyo wakiuliza ni kazi ya nani, niseme nini?"

Kibibi aliwaza jinsi Awadh atakavyolazwa pale katikati, watu wote wakimsifu yeye, naye akijua si kazi yake. Akajiona ni Bi Nusu tena, safari hii nusu mwongo. Akajifuta machozi kwa kiganja.

"Niambie nilipokosea."

"Hapa. Kipande cha tatu. Hapa ulianza kuacha vitanzi, na kila kipande kikarithi kosa la mwenzake."

"Basi karibu lote?"

"Karibu lote."

Kibibi alishika ncha ya uzi, akavuta. Kijani kikaondoka, samawati ikafuata, zambarau ikafuata. Kazi ya siku nyingi ilikwisha kabla mchele haujamaliza kupetwa. Sufu ilikuwa imejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko, ikabidi kuiosha na kuitundika kwa uzito wa kijiwe inyooke. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo waliitundika jikoni, ikakauka ikinuka moshi.

Safari hii Kibibi alifuma usiku na mchana, tena kwa namna nyingine. Nzai alipokuja na soga alimwambia, "Kaa nami, ila usiniongeleshe nikifika ukingoni." Kila mstari alikitafuta kile kitanzi kinachojificha, akakitoa mafichoni kwa ncha ya kulabu. Kila kipande kikiisha alilitandaza sakafuni, akainama, akatazama. Vidole vilimuuma, lakini blanketi lililala, kipande baada ya kipande.

Asubuhi ya arobaini, pilau ikinukia uani na wanawake wakimiminika, Kibibi alikuwa bado kwa Mama Kaingu, akiunga kipande cha mwisho na cha kwanza. Kwao, Shangazi Shekha alikuwa ameketi karibu na mzazi, nailoni mapajani.

"Tufungue hili, Mama Kibibi. Mtoto atoke nje."

Ndipo Kibibi alipoingia mbio, ushungi umemwangukia mabegani. Alishika ukingo kwa mikono miwili, akalirusha blanketi hewani, likashuka sakafuni.

Likalala. Lote. Rangi ya embe ilitoka kitovuni ikapinda, zambarau ikaifuata, kijani, manjano, samawati, zikizunguka mpaka ukingoni. Hakuna ukingo ulioinuka.

"Mashaallah!" Chumba kikalipuka kwa vigelegele.

Shangazi Shekha aliinama, akapapasa ukingo mzima kwa kiganja akitafuta kasoro. Hakuipata. Akanusa.

"Linanuka moshi," alisema.

"Hilo si neno," mama akajibu. Akalichukua, akalipitisha juu ya chetezo cha udi, kisha akamlaza Awadh katikati kabisa ya duara. Mtoto akapiga miayo, akalala.

Shangazi alimtazama, akamtazama Kibibi, akairudisha nailoni mkobani. Kisha akasimama.

"Jamani, nisikilizeni! Jina la Bi Nusu nililitoa mimi, na leo nalizika mimi. Atakayelifufua atakutana nami." Akamkumbatia Kibibi kwa nguvu mpaka akakosa pumzi. Kibibi alicheka na kulia pamoja.

Wageni walipokwisha kula, mama alimwita karibu.

"Mama Kaingu amenieleza yote," alisema. "Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe uliacha kitanzi kidogo, ukajenga ukuta mzima. Lakini uliujenga mwenyewe, hukuiba kazi ya mtu, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko rangi zote hizi. Kazi, mwanangu, ni kuitazama ungali njiani. Na ukikosea, usione haya kufumua. Anayefumua anarudi kuanza, anayeficha kosa hafiki."

"Nimesikia, mama."

Jua la alasiri liliingia dirishani. Kibibi alimwacha Awadh usingizini, akaenda chumbani kwake, akapiga magoti, akauvuta ule mkeka uliokuwa chini ya kitanda. Akaukung'uta vumbi, akautandaza sakafuni, akautazama vizuri. Kisha akaketi, akaendelea pale alipoachia.