Simi Iliyofutwa Mafuta

Simi kuukuu hunuka ngozi na kutu. Hii ilinuka maziwa ya kibuyu, na ala yake ilikuwa na joto, kana kwamba imetoka kiunoni mwa mtu sasa hivi.

Mzee Chepyegon aliileta Sosiot kutoka Ndanai, kwa Mwalimu Kipchirchir aliyejua kupima umri wa silaha za kale. Babu yake aliiteka kwa Wamaasai, na sasa mzee alitaka kujua ni ya enzi gani.

"Angalia tu, Mwalimu. Hayo mafuta yaliyopakwa usitoe. Chuma cha mhunzi hakishikwi kikavu."

"Sasa nitasoma nini, Mzee?"

"Si ulienda yunivasiti? Soma na pua."

Mzee alipoondoka, Mwalimu Kipchirchir aliipangusa yale mafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikabaki kavu. Simi za karibuni huchongwa kutoka kwa tupa kuukuu au springi ya gari, na alama za meno ya tupa hubaki. Hapa aliona mapigo ya nyundo tu. Ya kabla ya reli, akakata shauri.

Mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati. Mtu akakohoa jikoni.

"Baba Kiplimo, umekula?"

Edinah, mkewe, alizikwa mwezi Machi, mwaka wa tisini na nne. Kipchirchir alisimama na kitambaa mkononi, akisikia sufuria ikisogezwa, kisha kikohozi kile kile kikavu kilichommaliza, kisha malapa yakija hadi mlangoni na kukoma pale, na harufu ya maziwa ikizidi kuwa nzito huku kitu kikivuta pumzi polepole, kikimngoja ajibu.

"Nimekula," akanong'ona.

Ikawa hivyo kila mvua iliponyesha.

Chepyegon aliporudi, mvua ikinyesha, hakuvuka kizingiti. "Ulifuta," akasema kwa sauti ya chini. "Nani anakohoa huko?"

"Edinah."

"Wacha, Mwalimu. Hiyo si mama, ni roho ya simi; imeazima koo lake. Ikizoea nyumba, itaazima na lako." Akamtolea mkebe wa mafuta ya kondoo. "Paka simi yote leo, iondoke."

"Na sauti?"

"Itaenda nayo."

Edinah alikuwa havumilii hata harufu ya mafuta ya kondoo. Yakikaangwa, alitoka nje. Kipchirchir alijua kwamba kila kitu hutambulika kwa alama yake. Jioni, mvua ikiendelea, akaamua kuijaribu ile sauti: akakaanga sukuma wiki kwa yale mafuta, akapakua sahani mbili, akageuka kufunga dirisha.

Alipotazama tena, sahani ya pili ilikuwa imelambwa ikang'aa.

"Baba Kiplimo," sauti ya Edinah ikasema, "ongeza."

Edinah asingeyagusa. Simi ilikuwa bado kavu mezani, ikingoja mafuta yale yale. Kipchirchir akakomba mkebe wote, akaongeza.